Sura ya Sita: Nani Aingie, Askari Watumwe Wapi

Kusini ya kijiji cha Liparamba, mkoani Ruvuma, mpaka wa Tanzania na Msumbiji haufuati mto. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba Ruvuma ndiyo inayozigawa nchi hizi mbili, na kwa sehemu kubwa ya safari yake kuelekea Bahari ya Hindi ndivyo ilivyo. Lakini mto huo huanzia ndani ya Tanzania, katika milima ya Matogoro karibu na Songea, nao huwa mpaka pale tu unapokutana na mto Msinje. Kutoka makutano hayo hadi Ziwa Nyasa kuna mstari ulionyooka, ambao Ujerumani na Ureno ziliukubali katika tamko la tarehe 30 Desemba 1886, zikifuata latitudo ya kwenye ramani. Mstari huo unakata misitu ya miombo upande wa Pori la Akiba Liparamba, kisha unatokea ziwani upande wa Chiwindi. Anayetembea huko hakuti maji ya kuvuka wala daraja la kumsimamisha. Anakuta njia za miguu, zile ambazo maofisa wa serikali huziita njia za panya.

Nimeuchagua mpaka huu uwe darasa la sura hii kwa sababu hapa mijadala miwili, ambayo Dodoma na magazetini huendeshwa kila mmoja kivyake, inakutana katika kijiji kimoja. Mjadala wa kwanza ni wa uhamiaji: nani aruhusiwe kuingia, akae muda gani, na akae kama nani. Wa pili ni wa vita: lini taifa lina haki ya kupeleka askari wake nje ya nchi, na kwa idhini ya nani. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kwa nchi kama yetu huo ni mjadala mmoja. Vita inayotufanya tupeleke askari ndiyo inayowatoa watu makwao na kuwaleta mlangoni petu. Anayeamua moja bila kulitazama la pili anaamua akiwa na nusu ya habari.

Kwanza tuondoe dhana kwamba wanaokimbia ni watu wa ng'ambo tu. Wakati wa vita ya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, na hasa pale Wajerumani walipoanza kuchoma vyakula na mashamba ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza, watu wa Ungoni walivuka kwenda kusini, katika eneo la Wareno. Nkosi Chabruma, mtawala wa Kingoni wa Mshope, alikuwa miongoni mwao, na alifia huko huko. Ziko koo za Ruvuma ambazo ndugu zao wa jimbo la Niassa, Msumbiji, ni wa tangu miaka ile. Kwa hiyo Wareno walipoanza kuwachomea watu vijiji miaka 60 baadaye, waliokimbilia kaskazini walikuwa wakirudi kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita ya silaha ikaanza tarehe 25 Septemba 1964, Cabo Delgado na Niassa zikiwa uwanja wa mwanzo. Jeshi la Ureno lilijibu kwa kuwakusanya wanakijiji katika vijiji vya kulazimishwa vyenye ulinzi, ili wapiganaji wasipate chakula wala habari. Waliokataa kukusanywa walivuka. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi. Yakafunguliwa makazi ya Rutamba huko Lindi, Muhukuru katika Songea, na Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Nyasa. Lundo ilipokea watu wa mwambao wa ziwa ambao lugha yao wenyeji wa Mbamba Bay na Liuli waliielewa tangu utotoni, na wengi walikuwa wamebatizwa katika kanisa moja, lile la Waanglikana ambalo makao yake ya kale yako kisiwani Likoma.

Utaratibu wa makazi hayo unastahili kuelezwa, maana leo umesahauliwa. Mkimbizi alipewa shamba, jembe na mbegu, na akalishwa mpaka avune mavuno yake ya kwanza. Baada ya hapo alitarajiwa ajitegemee na alipe kodi kama jirani yake. Serikali ilitoa ardhi na utawala, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitafuta fedha, na shirika la Kikristo la TCRS, lililoanzishwa 1964 na Walutheri, lilisimamia kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa msemo huo ulikuwa sera ya nchi kwa maana yake halisi. Ndiyo sera ambayo miaka mingi baadaye, 1983, ilimpatia Mwalimu Nyerere medali ya Nansen ya kuwatetea wakimbizi.

Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi. Sheria ya wakimbizi ya miaka ile ya 1960 ilimpa waziri mamlaka ya kumwamuru mkimbizi aishi mahali fulani na asitoke bila ruhusa, na aliyekaidi aliweza kufungwa. Makazi yaliwekwa mbali kiasi na mpaka kwa makusudi. Mkimbizi alikuwa mgeni wa heshima, lakini heshima yenyewe ilikuwa na uzio, na uzio huo uliwekwa kwa sababu ya vita.

Hapo ndipo mjadala wa kwanza unapogusana na wa pili. Wakati Lundo na Muhukuru zikipokea familia, Nachingwea ilikuwa ikifundisha wapiganaji. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Silaha zilipita bandarini kwetu na kwenye barabara zetu. Tanzania haikupeleka vikosi vyake kupigana na Wareno, ila hakuna aliyeweza kudai kwamba ilikuwa mtazamaji. Ureno ilijibu kwa ndege na kwa mabomu ya kutegwa ardhini, na walioumia walikuwa wakulima wa vijiji vya mpakani vya Ruvuma na Mtwara.

Msomaji atauliza: je, huko si kuingilia mambo ya nchi nyingine? Katiba ya OAU ya 1963 ilikuwa na majibu mawili katika hati moja. Kifungu kimoja kilikataza nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya mwenzake. Kingine kiliwataka wote wafute ukoloni wa kila namna barani. Kwa Msumbiji ya wakati huo vifungu hivi havikupingana, kwa sababu Ureno haikuhesabiwa kuwa jirani mwenye haki ya kuachwa na nyumba yake. Lakini nchi zilipokuwa huru zote, kifungu cha kwanza kilibaki peke yake na kikawa ngao ya watawala wabaya. Tanzania iligundua hilo kwa gharama kubwa 1978.

Habari za vita ya Kagera zinajulikana, nitazigusa tu pale zinapohusu hoja yangu. Idi Amin alipompindua Milton Obote Januari 1971, Obote alipewa hifadhi Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wake walivuka kutoka Tanzania kuivamia Uganda, wakashindwa, na mapatano ya Mogadishu mwezi uliofuata yakazituliza nchi mbili kwa muda. Majeshi ya Amin yalipouteka ukanda wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Nyerere alihutubia taifa tarehe 2 Novemba na kutaja mambo matatu ambayo kila Mtanzania wa rika lile anayakumbuka: uwezo, sababu na nia. Kumfukuza mvamizi hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuja jeshi letu, JWTZ, lilipovuka mpaka na kuendelea hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai mwaka ule, Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Nyerere alishikilia kwamba umoja unaonyamaza mtawala anapowaua watu wake hauna uso wa kuwalaumu wanaomzuia.

Mimi naona Nyerere alikuwa na haki. Lakini mambo yake matatu yalikosa la nne, nalo ni mwisho. Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, uchumi ukiwa umepigwa na vita, ukame na bei ya mafuta kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa amewaambia wananchi mapema kazi ile ingeishia wapi. Anayepima hoja ya kupeleka jeshi nje aanzie kwenye uwezo, sababu na nia, kisha aulize ni dalili gani zitakazoonyesha kwamba kazi imekwisha, na nani atakayezitangaza.

Turudi kusini. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na wakimbizi wa Lundo, Muhukuru na kwingineko wengi wakarudi makwao. Muda si muda vita nyingine ikawaka, ya waasi wa RENAMO, ikilishwa kwanza na Rhodesia, halafu na Afrika Kusini ya makaburu. Samora Machel alikufa kwa ajali ya ndege huko Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986, wakati RENAMO ikisonga mbele katika Zambezia na kutishia kuikata nchi vipande viwili. Tanzania ilipeleka askari wapatao 3,000, waliokaa hadi mwishoni mwa 1988. Baadhi yao hawakurudi wakiwa hai. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara, ndiko waliko wengi wa waliofia Msumbiji.

Miaka hiyo hiyo familia za Wamsumbiji zilikuwa zikivuka tena kuingia Ruvuma. Serikali ilifungua makazi ya Likuyu, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Namtumbo, na mengi ya yaliyofanyika Lundo yakarudiwa. Huu ndio mfano ninaouona kuwa wa maana kuliko yote katika sura hii. Taifa maskini, lililokuwa likijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa jinsi ya kulipa madeni, lilituma vijana wake kupigana Zambezia na wakati huo huo likawapokea waliokimbia vita ile ile. Halikusema kwamba kwa kuwa tumetuma askari, basi raia wabaki huko huko. Baada ya mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992, Wamsumbiji zaidi ya milioni 1.5 walirejea kutoka nchi zote za jirani, na wa Likuyu walikuwa miongoni mwao. Mpaka haukuhitaji kufungwa ili waondoke. Walichohitaji ni amani.

Kisha ikaja 1994. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Ndani ya umati ule walikuwamo waliofanya mauaji ya kimbari, wenye silaha na uongozi wao. Misitu ya Ngara ilikatwa kuni, visima vikakauka, ujambazi ukaongezeka, na mataifa yaliyokuwa yakisifu ukarimu wetu yalichelewa kulipa bili yake. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 Wanyarwanda wapatao nusu milioni walirudishwa kwao, jeshi likiwasukuma barabarani. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaweka kwa maandishi kile kilichokwisha kutokea: mkimbizi wa sasa anakaa kambini, hapewi jembe.

Wapo wanaosimulia historia hii kama kuporomoka kutoka utu hadi ukatili. Haikunyooka hivyo. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000, waliokuja tangu 1972 pamoja na watoto wao, jambo ambalo ni nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa idadi kama hiyo. Waliopata uraia walikuwa wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, yaani wale waliopewa jembe. Mtu aliyelima miaka 40 mahali pamoja anakuwa na majirani wa kumshuhudia. Aliyefungiwa kambini akingoja mgao wa unga hana shahidi.

Sasa tuingie katika jambo linaloniuma. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la wanamgambo lilishambulia Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, na vita mpya ikaanza mtaani kwa jirani yetu. Haikuwa mbali na yetu wenyewe: mwaka ule ule Kibiti na Rufiji zilikuwa zikiwalilia viongozi wa vijiji na polisi waliouawa. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 wakauvamia mji wa Palma, karibu na miradi ya gesi, na maelfu ya watu wakakimbilia msituni, baharini na mtoni.

Wengi wa waliofika kwetu safari hii hawakupewa jembe. UNHCR ilieleza katikati ya 2021 kwamba tangu Januari mwaka ule zaidi ya Wamsumbiji 9,000 waliokuwa wakiomba hifadhi walirudishwa kutoka Tanzania, wengi kupitia kituo cha mpakani cha Negomano. Julai mwaka ule ule majeshi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, yakaanza kuingia Cabo Delgado, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa askari, wakapangiwa Nangade. Yaani askari walikwenda kusini kulinda raia, na raia walirudishwa kusini kwenye hatari ile ile.

Wanaoitetea hatua hiyo wana hoja, na si ya kudharauliwa. Wapiganaji wa Cabo Delgado walikuwa na Watanzania ndani yao. Kitaya ilikwisha kuchomwa. Ofisa wa mpakani anayepokea watu 600 usiku mmoja hana njia ya kumjua nani ni mvuvi na nani ametumwa kuangalia kambi ya polisi iko wapi. Kumbukumbu ya Ngara bado iko hai serikalini. Anayepuuza hofu hizi hajaishi karibu na mpaka.

Lakini hofu ya ofisa inajibiwa kwa kumkagua mtu baada ya kumwingiza, si kwa kumrudisha bila kumsikiliza. Mkataba wa OAU wa wakimbizi wa 1969, ambao Tanzania imeuridhia, unamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia machafuko ya jumla nchini mwake, bila kumdai athibitishe kwamba yeye binafsi anawindwa. Mkataba huo unakataza kumrudisha mtu penye hatari, na katika kifungu kingine unawakataza wakimbizi kuitumia nchi inayowahifadhi kushambulia walikotoka. Vifungu hivyo viwili viliandikwa pamoja na watu waliokwisha kuona Lundo na Nachingwea. Walijua kwamba mpiganaji anaweza kujificha kati ya wakimbizi, na dawa waliyoandika ni kumkataza kushambulia, kisha makazi yawekwe mbali na mpaka. Tanzania ya 1965 iliweza kufanya hivyo ikiwa na magari machache na simu za kuzungusha mkono. Tanzania yenye vitambulisho vya taifa vya NIDA na alama za vidole ingeweza pia.

Nani basi huamua haya? Hapa Katiba yetu inastahili kusomwa polepole. Ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita kati yetu na nchi nyingine, lakini tangazo hilo lazima lipelekwe kwa Spika, naye aitishe Bunge katika muda wa siku 14 ili liamue kuliunga mkono au kutoliunga mkono. Hapo wawakilishi wana sauti. Ibara ya 148 ni tofauti. Inampa Amiri Jeshi Mkuu mamlaka ya kuyaamuru majeshi yatekeleze shughuli za ulinzi na za kuokoa maisha ndani au nje ya Jamhuri ya Muungano. Operesheni zetu nyingi za nje tangu Kagera zimekuwa za namna hiyo: Anjouan huko Comoro, Machi 2008, kwa niaba ya Umoja wa Afrika, kisha Congo, baada ya Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Machi 2013, ambako brigedi iliyoongozwa kwanza na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa iliwasaidia Wakongo kuwashinda waasi wa M23 mwaka ule ule, kisha Nangade. Hizo si vita zilizotangazwa, hivyo Ibara ya 44 haiamshwi. Ila risasi zake ni zile zile. Tarehe 7 Desemba 2017 huko Semuliki, Congo, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika usiku mmoja.

Kenya ilichagua njia nyingine. Katiba yake ya 2010, Ibara ya 240, inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipate idhini ya Bunge kabla ya kupeleka vikosi nje kulinda amani. Sharti hilo halikuzuia Operesheni Linda Nchi kuingia Somalia Oktoba 2011, wala halikuzuia kosa ninalolisema hapa kutokea Nairobi kwa ukali zaidi. Baada ya mauaji ya watu 148, wengi wao wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, serikali ilidai kambi ya wakimbizi ya Dadaab ifungwe na Wasomali warudishwe nchini ambako jeshi la Kenya lenyewe lilikuwa bado linapigana. Iliyolizuia ni Mahakama Kuu, Februari 2017, iliposema kuwarudisha watu kwa mkumbo kunavunja Katiba. Faida ya kura ya Bunge, na ya mahakama inayosikiliza, ni kwamba serikali inalazimika kusema sababu zake kwa sauti, na sababu iliyosemwa inaweza kupingwa.

Lipo kundi la watu ambalo mijadala yote miwili hulisahau, nalo ndilo kubwa kuliko yote huku Liparamba: wanaovuka kila siku. Mtu aliyekwenda Niassa kumzika shangazi. Mwanamke aliyeolewa ng'ambo na bado analima shamba la mama yake. Kijana anayefuata soko la mahindi. Huyu si mkimbizi, wala si mhamiaji kwa maana ya sheria, ila Sheria ya Uhamiaji ya 1995 humkuta na kosa kila anapopita porini. Raia wa Msumbiji hahitaji viza kuja Tanzania, lakini anatakiwa awe na pasipoti au hati ya safari na apite kituo rasmi, na pasipoti hutolewa mjini. Mrundi au Mganda anaweza kuja kutafuta kazi hapa chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Mtu wa Niassa, ambaye bibi yake ni wa Mbinga, hana haki hiyo kwa kuwa nchi yake haimo katika jumuiya ile.

Mambo hugeuka. Mapema 2017 Watanzania wengi walifukuzwa kutoka Montepuez, Cabo Delgado, walikokuwa wakichimba na kuuza rubi, baadhi yao wakieleza kupigwa na kuporwa mali. Siku zile neno mhamiaji haramu lilikuwa letu sisi. Dar es Salaam ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hoja tulizozitumia kuwatetea ndugu zetu, kwamba wasikilizwe mmoja mmoja, wasipigwe, wapewe muda wa kukusanya mali yao, ni hoja zile zile walizokuwa nazo waliorudishwa Negomano miaka minne baadaye.

Jeshi la SADC liliondoka Cabo Delgado Julai 2024. Rwanda ilibaki, na Tanzania nayo iliendelea kushirikiana na Msumbiji moja kwa moja, baada ya makubaliano ya ulinzi na usalama yaliyotiwa saini Maputo Septemba 2022 wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan. Vita haijaisha, na watu bado wanahama. Maana yake ni kwamba mjadala huu utarudi, na inafaa tujue tutauingia vipi.

Bunge letu tayari lina chombo. Kamati ya Kudumu ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, inayojulikana kama NUU, inazisimamia kwa pamoja wizara tatu: ya Mambo ya Nje, ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na ya Mambo ya Ndani, ambayo Uhamiaji na wakimbizi wamo ndani yake. Lakini wakati wa bajeti, kati ya Aprili na Juni, kila wizara huja na hotuba yake, siku yake, na mafungu yake. Mbunge anayeuliza gharama ya askari walio nje hujibiwa na waziri mmoja. Anayeuliza waliorudishwa mpakani hujibiwa na mwingine, labda wiki mbili baadaye, wakati wa kwanza amekwisha kupitishiwa fedha zake. Ningependekeza kwamba kila Tanzania inapokuwa na askari katika nchi jirani, kamati hiyo idai taarifa moja inayosema askari wako wangapi na kwa kazi gani, ni dalili gani zitakazowarudisha nyumbani, watu wangapi wamevuka kuja kwetu kutoka eneo lile lile, na wamefanyiwa nini. Taarifa hiyo ijadiliwe siku moja.

Atatokea wa kusema siri za jeshi zitavuja. Hakuna anayeomba ramani za doria. Idadi ya askari wanaokwenda katika operesheni za Umoja wa Mataifa hutangazwa na Umoja huo wenyewe kila mara. Kinachoombwa ni hesabu ya watu waliopita mpakani huko Chiwindi, Mkenda na Negomano, nayo haiwezi kuwa siri kwa wanakijiji waliowaona wakipita. Mkutano mkuu wa kijiji una haki kisheria ya kujadili mambo ya kijiji, na wageni waliolala kijijini jana ni mambo ya kijiji. Mtendaji aandike wangapi wamefika, mwenyekiti athibitishe, na karatasi ipande kwa diwani, kwa Mkuu wa Wilaya kule Mbamba Bay, hadi kwa mbunge wa Nyasa, ili siku mawaziri watakaposimama Dodoma kueleza habari za kusini, awepo mtu wa kuwaonyesha namba iliyotoka Liparamba.